MAUMIVU YA KIUNO: MAJIBU YA MRI YASIKUTISHE

Leo tuzungumzie mgongo, maana wengi wetu hapa Acocks Green tunainua wagonjwa, tunabeba mizigo kwenye maghala au tunashinda kwenye usukani wa teksi.

Juzi dada mmoja alinijia na majibu ya MRI mkononi, machozi yanamtoka. "Dada nesi, wameandika diski imechakaa. Ndiyo basi tena, sitatembea?" Nikamwambia kaa kwanza, tunywe chai.

Diski ni nini?
Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vimito vya gegedu. Nje ni vigumu, ndani vina ute wenye maji mengi. Umri ukisogea, maji hupungua na diski husinyaa.

MRI inaonaje?
Inatumia sumaku kali na mawimbi ya redio, haina mionzi kama eksirei. Mmoja wa waanzilishi wake, Peter Mansfield wa Nottingham, hapa jirani, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2003. Katika picha za mgongo, diski yenye maji huonekana nyeupe, iliyokauka huonekana nyeusi. Kama una kifaa cha moyo au chuma mwilini, sema kabla hujaingia.

Je, diski nyeusi ndiyo inayouma?
Si lazima. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti 33 za watu 3,110 wasio na maumivu ya mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi tu. Kwa hiyo GP asipokupeleka MRI mara moja, usidhani amekudharau. Ndivyo mwongozo wa NICE wa mwaka 2016 unavyoelekeza. Endelea kutembea na kufanya mazoezi. Kulala kitandani siku nzima kunadhoofisha misuli.

Hapa usione haya
Nenda A&E siku hiyo hiyo ukiona:
- ganzi sehemu za siri au makalioni
- mkojo unagoma kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila kujua
- miguu yote miwili inauma au inaishiwa nguvu

Neva zinabanwa, na ukichelewa unaweza kubaki na ulemavu. Wengi wetu tunaficha mambo haya kwa aibu. Omba mkalimani, ni bure, wala usimtume mwanao akusemee. Ukiwa na homa, unakonda bila sababu, au uliwahi kuugua kansa au TB, mwone GP haraka.

Yule dada aliondoka amefuta machozi. Tumekubaliana kutembea pamoja jioni. Nawe anza leo, pole pole.