Kufundisha Chanzo cha Ubovu: Holda ya Taa ya Jukwaa

Utangulizi

Mwalimu anayesimamia maigizo ya shule hukabidhiwa pia taa za jukwaa, na mara nyingi taa hizo ni za zamani. Mfano mmoja ni taa iitwayo Patt 23 ya kampuni ya Strand Electric ya Uingereza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1953, nayo hutumia balbu ya wati 500. Balbu ikiungua, watu huweka mpya; baada ya maonyesho machache nayo huungua. Huko ni kutibu dalili na kuuacha ugonjwa. Mara nyingi ugonjwa wenyewe umo katika holda, yaani kile kishikio cha balbu. Makala haya yanaeleza ubovu huo na namna ya kuutumia kama somo la sayansi.

Kiini cha Ubovu

Ndani ya holda, springi hukandamiza kipande cha metali kwenye kitako cha balbu. Joto la miaka mingi huilegeza springi hiyo. Mguso ukilegea, umeme hupita mahali pembamba, na ukinzani, yaani kile kinachozuia mkondo, huongezeka. Ukinzani huzaa joto; joto huibabua metali na kuilegeza springi zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Balbu ya wati 500 katika volti 240 hupitisha karibu ampea 2.1. Ukinzani wa mguso ukifikia omu 1 tu, joto litakuwa 2.1 × 2.1 × 1, yaani zaidi ya wati 4, mahali padogo kama ukucha. Kwa hiyo holda mbovu huharibu kitako cha balbu mpya, na balbu yenye kitako kilichobabuka huharibu holda mpya. Vyote viwili havina budi kubadilishwa pamoja.

Hatua za Kazi

Kazi ya mwanachuo ni kukagua na kueleza. Kuunganisha nyaya ni kazi ya fundi wa umeme mwenye sifa.

1. Chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Iache taa ipoe kabisa.

2. Kagua waya kwanza. Ukiona umefunikwa kwa nyuzinyuzi nyeupe au za kijivu, usiuguse, usiukate, wala usipulize vumbi lake. Huenda ni asbestosi, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Taa hiyo iwekwe kando mpaka ishughulikiwe na wataalamu.

3. Tazama kitako cha balbu na holda. Dalili za ubovu ni weusi, vishimo katika metali, risasi iliyoyeyuka, springi isiyorudi na kauri iliyopasuka.

4. Usisugue mguso kwa msasa. Msasa huondoa utando wa juu wa metali na kuacha mikwaruzo. Mguso utaungua tena upesi.

5. Holda mpya iwe ya aina ile ile na ikae kimo kile kile, ili uzi wa balbu ulingane na kioo cha nyuma. La sivyo mwanga utatawanyika.

6. Waya uwe wa kustahimili joto. Waya wa kawaida wa plastiki hustahimili nyuzi 70 za Selsiasi. Wa silikoni hufikia 180.

7. Kabla ya kuwasha, fundi apime kwamba waya wa ardhi umeshikana na bati la taa. Gamba la waya likipasuka bila kinga hiyo, bati lote laweza kumpiga mtoto umeme.

Somo la Darasa la Sita

Wanafunzi wasiguse kamwe taa ya jukwaa. Tumia tochi yenye springi iliyoshika kutu, uweke betri mpya na balbu mpya. Mwanga utakuwa hafifu. Uliza: "Vyote ni vipya, mbona mwanga ni hafifu?" Usiwape jibu. Waache wakisie, kisha kila kundi lijaribu kisio lake. Watakaosafisha springi wataona mwanga ukiongezeka, nao watakuwa wamegundua ukinzani kabla ya kulisikia jina lake.

Huenda mwanafunzi mwerevu akauliza kwa nini tochi husafishwa na holda ya jukwaa hubadilishwa. Mweleze kwamba mguso wa tochi haukai katika joto kali. Springi yake ina kutu tu, bado ina nguvu.

Maswali ya Kujadili

1. Tafuta joto la mguso ule ule ukinzani ukiwa omu 2.

2. Kwa nini si busara kuweka balbu ya zamani katika holda mpya?

3. Andaa somo la dakika 40 ambalo wanafunzi watakisia kwanza na mwalimu ataeleza mwisho.