Udongo Mweusi wa Malili na Nyasi Zake

Mkazi anayepita Malili au Kiima Kiu, Kaunti ya Makueni, mwezi wa Septemba huona uwanda mpana wenye miti michache mifupi na udongo uliopasuka nyufa. Ni rahisi kudhani miti ilikatwa. Kumbe udongo wenyewe huizuia: mfinyanzi huu mweusi huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, na unaponywea hukata mizizi ya miche. Anayechimba hukuta vijiwe vyeupe vya chokaa, kwa kuwa mvua haitoshi kuiosha chokaa hiyo. Anayevumilia ni mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ukipita hapo husikika mluzi, na mbuzi akiuguguna huumwa midomo.

Wenye uwanda ni nyasi. Iliyo bora kwa ng'ombe ni ile inayogeuka rangi ya kutu ikikomaa, wataalamu huiita Themeda triandra. Mbegu yake ina mkia mrefu mweusi unaojisokota na kujisokotoa kadiri unyevu unavyobadilika, hata mbegu ikajichimbia ardhini yenyewe. Lakini haistahimili kuliwa mfululizo. Ikipungua, nafasi yake hushikwa na Pennisetum mezianum, yenye mabua magumu ambayo mifugo huyapenda yakiwa machanga tu. Ndipo uwanda huonekana umejaa majani ilhali ng'ombe wanakonda. Mfugaji anayeona mabua hayo yakizidi mwaka hadi mwaka apumzishe sehemu ya malisho mvua za Oktoba hadi Desemba, nyasi nzuri ipate kutoa mbegu.

Kupanda upya ni jambo jingine. Mbegu za ndata kivumbu, mbeetwa na nguu, zilizofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha KALRO Kiboko, zimefaa sehemu nyingi kavu za Kitui na Makueni. Hata hivyo ndata kivumbu haivumilii maji yanayotuama, na mfinyanzi mweusi hutuamisha maji. Heri kuipanda kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji.

Kulima uwanda wote ndiko kunakogharimu zaidi, maana Themeda hurudi polepole mno shambani palipolimwa. Huko Texas, Marekani, nyika za udongo mweusi wenye chokaa zililimwa karibu zote, zikabaki vipande vidogo tu.