SOMO LETU: "YULE" AU "KILE"? Tofauti ya ubaguzi na bughudha



Katika Kiswahili, "yeye" ni mwanamke au mwanamume, neno halibagui. Hata hivyo, namna tunavyomtaja mtu inaweza kumuumiza. Tunasema "kiongozi amefika", si "kiongozi kimefika", kwa sababu kiongozi ni mtu. Basi kwa nini mwenye ulemavu aitwe "kile" au "kale", kama kwamba ni kitu?

Dharau nyingine ni kumruka mgonjwa na kumuuliza aliyemsindikiza: "Anaumwa nini?" Mwulize mwenyewe: "Unaumwa nini?"

Sheria inasema nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu, hali ya afya, jinsia, lugha au asili yake. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Haki hizi zinamhusu mkimbizi pia.

Tofauti iko wapi?

Ubaguzi ni kunyimwa au kupunguziwa huduma kwa sababu ya hali yako. Bughudha ni maneno au vitendo vya kukudhalilisha, hata kama huduma umepata.

Mifano:

1. Mama anayetembea kwa magongo anaambiwa asubiri mpaka wengine wote waishe, ati anachelewesha foleni. Huo ni ubaguzi.

2. Anapewa dawa kwa zamu yake, lakini kila mara anaitwa, "Hicho kije!" Hakunyimwa dawa, ila amebughudhiwa.

3. Kwa aibu anaacha kufuata dawa. Hapa maneno yamemfungia mlango. Bughudha imemkosesha huduma, sawa na ubaguzi.

Mtu akiteleza ulimi, akasahihishwa na kuomba radhi, yaishe. Akiendelea baada ya kuambiwa, usinyamaze.

Ufanye nini?

- Kumbuka siku, saa, maneno yaliyosemwa na aliyesikia.
- Mweleze msimamizi wa zahanati au mhudumu wa afya wa mtaa wako.
- Usiporidhika, nenda kwa wanaotoa msaada wa sheria kambini.
- Usiache dawa kwa sababu ya maneno ya mtu.

Maswali ya kujadiliana:

Je, nyumbani kwako jirani mwenye ulemavu anaitwa kwa jina lake? Watoto wako wamejifunza kwa nani kumtaja?