Jeni ya APOE na Kumbukumbu za Wazee
Mzee wa Kilwa Masoko aanzapo kusahau majina ya wajukuu, watoto wake huuliza iwapo nao watairithi hali hiyo. Jeni ya APOE ina aina tatu kuu. Ile ya e4 huongeza uwezekano wa ugonjwa wa Alzheimer, na huambatana na kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Lakini miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, athari yake ilionekana hafifu kuliko kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis. Aliyeirithi aweza kuzeeka na akili timamu; asiyeirithi aweza kuugua. Mtoa huduma aanze kwa kupima shinikizo la damu na sukari, akague na dawa anazomeza mzee. Watoto nao wapimwe shinikizo wangali na umri wa makamo, kwani lisipotibiwa hudhuru mishipa midogo ya ubongo.