Kupanda Ndege Baada ya Upasuaji Mdogo wa Kizazi

Dada yangu wa Buruburu, ikiwa umefanyiwa upasuaji mdogo wa kizazi na safari ya Dubai, London au Johannesburg imekaribia, usiivunje kwa hofu. Wanawake wengi husafiri salama baada ya matibabu haya. Muhimu ni kujua umefanyiwa nini, usubiri siku ngapi, ubebe nini na dalili gani zikupeleke hospitalini.

Upasuaji mdogo ni upi? Ni ule ambao kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake: kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, kutolewa polipu, yaani kinyama kinachoota ndani ya kizazi, kukatwa sehemu ndogo ya mlango wa kizazi iliyoonyesha mabadiliko, au kufungwa mirija kupitia matundu madogo tumboni. Hakikisha jina la ulichofanyiwa limeandikwa kwenye karatasi zako, kwa sababu siku za kusubiri hutegemea hilo.

Nisubiri siku ngapi? Waliosafishwa kizazi au kutolewa polipu kupitia ukeni mara nyingi huruhusiwa baada ya siku chache, damu ikishapungua. Wa matundu ya tumboni hujazwa gesi tumboni ili daktari aone vizuri, na gesi iliyobaki hutanuka ndege ikipaa na kuleta maumivu. Mwongozo wa Uingereza hutaja angalau siku 1 hadi 2. Kwa safari ya saa nyingi, madaktari wengi hutaka usubiri zaidi. Aliyekatwa mlango wa kizazi ajihadhari na wiki ya pili, kwani kidonda kinapobandua gamba damu inaweza kurudi kwa nguvu. Hesabu hizi ni za jumla. Tarehe yako ataitoa daktari aliyekupasua, naye akiijua safari yenyewe.

Kuna hatari gani angani? Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya ndani ya ndege inaweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Ukiwa umepoteza damu nyingi, utachoka na kuhisi kizunguzungu, kwa hiyo omba upimwe kiwango cha damu kabla ya kuondoka. Hatari ya pili ni damu kuganda kwenye mishipa ya miguu kwa kukaa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari inayozidi saa 4 huongeza hatari hiyo mara mbili hadi tatu, ingawa kwa watu wenye afya huwapata takriban mmoja kati ya 6,000. Upasuaji huiongeza zaidi, na vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni pia, hivyo mwambie daktari ikiwa unavimeza. Basi la Kampala au Dar es Salaam nalo lina hatari hiyo, kwa kuwa unakaa vilevile.

Niende wapi kabla ya safari? Rudi kliniki ulikotibiwa, iwe ni Metropolitan hapa Buruburu, Mama Lucy Kibaki au kwingine. Omba barua inayotaja upasuaji, tarehe yake na kwamba unaweza kusafiri. Omba pia nakala ya cheti cha dawa. Kama kuna kinyama kilichopelekwa maabara, acha nambari ya simu utakayopatikana nayo ili majibu yasikupotee. Uliza mapema ikiwa barua ina ada.

Gharama je? Kiti cha magurudumu uwanjani JKIA ni bure. Kiombe kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla. Kabla ya kulipia tikiti, uliza kubadilisha tarehe kunagharimu kiasi gani. Usitegemee SHA, bima ya afya ya serikali, ikulipie hospitali ya ugenini. Nunua bima ya safari, na utaje upasuaji wako unapojaza fomu, la sivyo wanaweza kukataa kulipa. Nchi za Schengen hudai bima ya angalau yuro 30,000 kabla ya kukupa viza.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake na lebo ya duka la dawa. Tramadoli na kodini hudhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu na huhitaji kibali kabla ya kufika. Muulize daktari dawa nyingine ya maumivu. Usianze aspirini kwa uamuzi wako, maana inaweza kuongeza kutokwa na damu.

Siku ya safari, toka mapema, Outer Ring Road isikukimbize. Mwachie mwenzako mizigo. Chagua kiti cha kando ya njia, kunywa maji, chezesha nyayo kila nusu saa, tembea kila saa moja au mbili. Soksi za kubana miguu zivae kwa ushauri wa daktari. Tumia pedi za kawaida, si za kuingiza ndani, na usiogelee wala kufanya tendo la ndoa hadi uruhusiwe.

Nenda hospitali mara moja ukijaza pedi moja kila saa kwa saa mbili mfululizo. Nenda pia ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu ya tumbo yanayozidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikatika na kifua kuuma, ni dharura. Ukiwa ndegeni, mwite mhudumu papo hapo. Nambari za kukariri: 998 kwa ambulansi ya Falme za Kiarabu, 997 Saudia, 999 Uingereza, 112 Ulaya, 911 Marekani.

Tikiti hubadilishwa na safari huahirishwa. Daktari akisema subiri, subiri.