Kabla ya Kupanga Safari, Soma Luka 14 Yote



Kijana mwenzangu, mwaka 2025, Mwaka wa Jubilei, sisi vijana wa parokia moja hapa Ifakara tulikuwa tunaangalia kwenye simu wenzetu walivyojaa Roma kwenye Jubilei ya Vijana. Mmoja akasema, "Na sisi twendeni, hata siku tatu tu." Tukacheka. Nauli ya ndege tungeitoa wapi? Katekista akatuuliza, "Na Bagamoyo mmeshafika?" Wote kimya.

Basi tukaamua: hija ya Bagamoyo, Ijumaa hadi Jumapili. Nikachaguliwa kuratibu.

Nilianza na mnara

Nilifungua Luka 14:28-30, Yesu anapomzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi, ahesabu gharama. Nami nikaketi. Muda: mwishoni mwa Septemba, mpunga umeshavunwa na masika iko mbali. Njia: Kidatu, Mikumi, Morogoro, Chalinze, kisha Msata na kushuka Bagamoyo bila kuingia Dar. Usafiri: Kosta ya kukodi. Chakula: mchele wetu wenyewe. Malazi, fulana za safari, nikajumlisha vyote na kugawa kwa vichwa: shilingi 90,000 kila mmoja. Kila Jumapili nikawa natuma orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina na kiasi alicholipa.

Wiki ya tatu, wawili wakatoka kwenye kundi. Nikamfuata mmoja, binti anayeuza vitumbua stendi. Akaniambia taratibu, "Kaka, jina langu lilikuwa na sifuri wiki tatu mfululizo. Nilishaelewa kwamba safari si yangu."

Sikuwa na jibu.

Kumbe kuna karamu kabla ya mnara

Usiku ule nilisoma Luka 14 tangu mwanzo. Kabla ya mnara, kwenye mstari wa 12 hadi 14, Yesu anafundisha kuhusu karamu: ukiandaa, waalike maskini na wasioweza kukulipa. Mimi nilishika mstari wa 28 nikaruka wa 13. Yesu hakatai mahesabu. Ila anayehesabu gharama bila kuhesabu watu, mnara wake hata ukiisha una kasoro.

Halafu fikiria tulikokuwa tunakwenda. Bagamoyo ni mji ambako watu waliotolewa bara kwa miguu walitiwa bei kama bidhaa. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni pale, wakatunza watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Watoto wale hawakuwa na senti ya kujikomboa. Walilipiwa. Na sisi tulikuwa tunakwenda kusali mahali hapo huku tumemwacha nyumbani asiye na hela!

Tulichofanya

1. Tulifuta orodha. Mchango akaujua mweka hazina peke yake.
2. Tuliweka lengo moja la kundi zima. Mwenye fedha alete fedha, mwenye debe la mpunga alete debe, tuuze pamoja.
3. Tulifuta fulana. Wengine walinung'unika kwamba picha hazitapendeza.
4. Nilikwenda kuomba radhi, nyumba kwa nyumba.

Tulifika. Tuliona mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa mwaka 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Tulisali kwenye makaburi ya wamisionari, wengi walikufa wakiwa vijana. Binti wa vitumbua alikuwa nasi. Yule mwingine hakurudi mpaka leo. Radhi nilimwomba, lakini neno likishatoka halirudi, na sifuri zangu zilikuwa maneno.

Jiulize

- Katika mipango ya kundi lenu, nani amenyamaza au ametoka? Umemfuata?
- Mchango mnaokusanya unaalika au unachuja watu?
- Wewe mwenyewe ulilipiwa na nani mpaka ukafika ulipo?

Sala

Ee Yesu, ulitulipia tusioweza kulipa. Tufundishe kuhesabu gharama bila kumsahau ndugu, na utupe ujasiri wa kumfuata tuliyemwacha njiani. Amina.