Kipande Chini ya Ngozi

Wasomaji wetu kadhaa wametuuliza habari za chipu, yaani kile kidude cha elektroniki kitiwacho mwilini mwa mtu ili atambulikane au ili mganga apate habari za ugonjwa wake. Wapo Wakristo walioingiwa na hofu kubwa hata wakakataa chanjo ya UVIKO-19 mwaka 2021, wakisadiki kwamba sindano ile itawatia chipu, nayo chipu ni alama ya mnyama iliyotajwa katika kitabu cha Ufunuo. Wapo na wengine wanaocheka tu, wakisema mambo hayo ni ya ng'ambo, hayatuhusu. Twaona kwamba pande zote mbili zimekosa. Yatupasa kwanza tukijue kitu chenyewe, kisha tukipime kwa mafundisho ya Kanisa.

Kitu chenyewe ni nini?

Chipu hii imefungwa ndani ya kichupa cha kioo chenye ukubwa kama wa punje ya mchele. Hutiwa chini ya ngozi ya mkono kwa sindano nene. Haina betri. Hulala kimya mpaka mtu akaribishe chombo cha kusomea, tena kwa umbali wa sentimita chache tu. Hapo hupata nguvu kutoka katika mawimbi ya redio ya chombo kile, hutaja namba yake, kisha hunyamaza tena. Ulaya na Marekani mbwa hutiwa chipu za namna hiyo, ili wakipotea wenyewe waonekane.

Mwezi wa Oktoba 2004 Serikali ya Marekani iliruhusu chipu iitwayo VeriChip itumike kwa binadamu kwa ajili ya matibabu. Ilikuwa na namba ya tarakimu 16 tu. Habari za ugonjwa hazikuwamo mwilini. Zilikuwa katika kompyuta, na namba ile ilikuwa kama ufunguo wa kuzifungulia. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: mtu akiletwa hospitali amezimia, au mzee aliyepotewa na kumbukumbu asiweze kujieleza, mganga apate kujua mara moja ni nani na anaugua nini. Hata hivyo walioitaka walikuwa wachache, na mwaka 2010 biashara yake ilikoma. Baadaye chipu zilirudi kwa kazi nyingine. Tarehe 1 Agosti 2017 wafanyakazi wapatao 50 wa kampuni ya Three Square Market, katika jimbo la Wisconsin, walikubali kutiwa chipu mkononi ili wafungue milango na kununua vitafunio bila fedha wala funguo. Huko Sweden maelfu ya watu wamezitia kwa hiari yao.

Basi mtu aone mwenyewe. Chipu ya namna hii haiwezi kupita katika sindano nyembamba ya chanjo. Wala haiwezi kumfuata mtu njiani na kueleza alikokwenda. Simu tunayoitia mfukoni kila asubuhi yaeleza mengi zaidi kuliko hiyo.

Je, ndiyo alama ya mnyama?

Mtume Yohane aliandika kitabu chake kwa ajili ya Wakristo wa Asia Ndogo, waliotaabishwa na utawala wa Roma na kusukumwa wamwabudu Kaisari. Alama anayoitaja katika sura ya 13 ni alama ya watu waliojitoa kwa mnyama kwa kumwabudu. Ndiyo maana katika sura inayofuata aonyesha wale wengine, wenye jina la Mwanakondoo na jina la Baba yake katika paji la uso. Neno lenyewe, basi, ni hili: mtu ni wa nani, naye amwabudu nani?

Tulijifunza sote katika katekisimu kwamba dhambi ya mauti haitendwi ila kwa kujua na kwa kukubali kabisa. Hakuna mtu awezaye kumkana Kristo pasipo kujua, kwa kuchomwa sindano zahanati. Anayewafundisha watu kwamba wokovu wao waweza kuibiwa kwa namna hiyo, awanyang'anya imani yao kwa wema wa Mungu. Tena, asiyepata chanjo kwa hofu ya uvumi huwaweka hatarini wazee na wagonjwa wa nyumba yake.

Hatari iko wapi, basi?

Iko katika kulazimishwa. Wazee wa Kenya walikijua kipande. Katika miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole na habari za ajira yao, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Asiye nacho alikamatwa. Ubaya wa kipande haukuwa katika bati wala karatasi. Ulikuwa katika hili, kwamba mwajiri aliyeandika ndani yake alishika riziki ya mtu mkononi mwake. Kiliondolewa mwaka 1947, nao watu walikuwa wamekwisha kukichukia. Lakini kijaluba cha bati mtu aliweza kukivua ausiku akalala. Kilicho chini ya ngozi hakivuliki.

Sasa mwajiri asema: chipu ni hiari. Lakini kazi ni adimu, na watoto wanataka kula. Hiari ya mwenye njaa ni hiari gani? Watunga sheria wa Wisconsin waliliona jambo hilo mapema: mwaka 2006 walipiga marufuku kumlazimisha mtu yeyote atiwe chipu, na mkosaji aweza kutozwa hadi dola 10,000. Tena mwaka huohuo fundi mmoja alionyesha hadharani kwamba namba ya VeriChip yaweza kunakiliwa, mtu mwingine akajifanya ndiye mwenyewe.

Kanisa halikatai kifaa kitiwacho mwilini kwa ajili ya uhai. Mgonjwa wa moyo aliyewekewa chombo cha kuongoza mapigo hakutenda kosa lolote. Papa Pio XII alifundisha mwaka 1952 kwamba mtu si mmiliki kamili wa mwili wake; ameukabidhiwa autunze kwa kadiri ya makusudi ya Mungu. Ikiwa mwenyewe si mmiliki, sembuse kampuni? Sembuse mwajiri?

Tumkumbuke Mtakatifu Maximilian Kolbe. Katika kambi ya Auschwitz mwaka 1941 aliitwa namba 16670. Alipojitoa afe badala ya baba wa watoto, akaulizwa ni nani, hakutaja namba. Alijibu kwamba yeye ni padre Mkatoliki.

Tufanye nini?

Mkristo akiletewa chipu, au kitu kama hicho, ajiulize maneno matatu. La kwanza: nikikataa, nitapoteza nini? La pili: ni nani atakayesoma habari zangu, na je, nitajua? La tatu: nikibadili nia, naweza kuiondoa? Akijibiwa vizuri yote matatu, na faida ya afya ni ya kweli, aweza kukubali kwa moyo mtulivu. Asipojibiwa, ana haki ya kukataa.

Wala tusidhani kwamba tungali mbali. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu Tanzania zasajiliwa kwa alama za vidole. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini ni wangapi kati yetu wameisoma? Makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo wangefanya vema kuieleza, kuliko kusambaza uvumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu atujua kila mmoja kwa jina, na alama yake tuliipokea siku ya Ubatizo, nayo haifutiki. Aliye na alama hiyo asiogope punje ya kioo. Bali asikubali kamwe ndugu yake ageuzwe kuwa namba.